Suruali za Wagalatia

Mimi naitwa Zaitun, mtu wa Busi, Kondoa, kwa kuzaliwa na wa Dodoma kwa kutafuta riziki, na kabla hujaniuliza, hapana, sijawahi kucheza gemu la kompyuta hata siku moja. Lakini askari wa kale wa Ulaya nawajua, na ngao zao, na nywele zao, kwa sababu walitengenezwa dukani kwangu Barabara ya Saba, kwenye kompyuta ya pembeni karibu na feni mbovu. Aliyewatengeneza ni Mgogo mmoja mrefu, mkimya, mwenye rangi kwenye kucha, Sostenes Ndahani. Watu wakimzungumzia Sostenes huanzia kwenye habari ya uchi. Wananiudhi. Mimi nitaanzia kwenye mabango, maana bila mabango humwelewi.

Biashara zilipofunguliwa, mji huu ulipata wazimu. Kila mwenye chumba kinachotazama barabara alitoboa ukuta akafungua kitu: saluni, bucha, duka la dawa, baa. Na kila mmoja alitaka bango. Sostenes alikuwa ametoka kijijini kwao, mbele ya Chamwino, na brashi zake na kipaji alichopewa na Mungu, akapata kazi mpaka akawa anakataa wateja. Alichora vichwa vya kusukwa, chupa za soda, meno ya daktari wa meno. Lakini sifa yake ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe wote uliowaona kwenye mabucha ya Majengo miaka ile, yule mwenye doa kwenye jicho, yule mwenye pembe iliyopinda, walikuwa ng'ombe wa baba yake, na kila mmoja alikuwa na jina. Nilimwambia, wewe huna huruma, unawatangazia ndugu zako kuchinjwa. Akacheka kile kicheko chake cha kuinamisha kichwa.

Bango langu pia ni lake. Liliandikwa INTENETI KAFE, tukagombana wiki nzima, mimi nasema herufi imepungua, yeye anasema mbona watu wanaingia. Mpaka leo halijarekebishwa.

Halafu yakaja mabango ya plastiki yanayopigwa mashine Dar, herufi zimenyooka, picha kama mtu mwenyewe. Bango linafika kwa basi mchana, jioni limetundikwa. Mwaka 2003 Sostenes alikuwa na kazi, mwaka uliofuata hakuwa nayo. Alikuja akasimama mbele ya meza yangu, akasema, "Dada Zaitun, nifundishe hiyo mashine iliyoninyang'anya kazi."

Nikamfundisha. Bunge likikaa, duka lilijaa makarani na wasaidizi wa waheshimiwa, sikuwa na nafasi hata ya kupumua. Bunge likiondoka mji unalala, na hapo kompyuta ya pembeni ilikuwa yake. Yeye alinifagilia, akanipakia kuta chokaa, akanitolea karatasi zilizokwama kwenye printa. Tukawa kama ndugu, mpaka kununiana.

Wale watu wa gemu sijui aliwapataje. Walikuwa watu wa kujitolea, mmoja Uholanzi, mwingine Kanada, wengine sijui wapi, hata hawajawahi kuonana. Walikuwa wamechukua gemu moja la vita, lile ambalo mchezaji anapewa nchi na majeshi ayasogeze kama kete za bao, wakasema waliolitunga wamewachora watu wa kale kiholela, na wao watawatengeneza upya kama walivyokuwa. Hasa Waselti. Hao, Sostenes alinieleza, ni watu waliojaa Ulaya kabla Warumi hawajawatia mkononi. Kila aina ya askari wao ilikuwa kikosi chake: wa mikuki, wa makombeo, wa farasi, wa panga ndefu. Walihitaji mchoraji. Sostenes akawatumia picha ya ng'ombe wa bucha. Kiongozi wao, yule Mholanzi, alijibu kwamba mtu anayeweza kumchora ng'ombe akaonekana ana mawazo, huyo wanamtaka.

"Wanakulipa?" nilimuuliza.

"Hapana, dada."

"Watakulipa?"

"Hapana."

Nikamwambia una kichaa, nikaenda kuchemsha chai nikiwa nimekasirika kweli. Nilimpenda kama mdogo wangu, na viatu vyake vilikuwa vimekwisha.

Kazi yenyewe sikuielewa mpaka aliponieleza kwa lugha ya ng'ombe. Askari wa kwenye gemu ni sanamu tupu, haina rangi. Mchoraji anachora ngozi yake ikiwa imelazwa bapa, tumbo huku, mgongo kule, mikono imetawanywa, halafu kompyuta inaivika ile sanamu. Mwanzoni alikosea, nyuso zikavutika mpaka masikioni. Halafu akakumbuka kuwamba ngozi na baba yake nyuma ya zizi, vigingi pembeni, mgongo katikati, tumbo ukingoni, na shingo usiivute sana. Kuanzia hapo hakukosea tena. "Ni ngozi tu, dada," aliniambia. "Ila hii ni ya mtu." Nikamwomba asirudie maneno hayo mbele ya wateja.

Wakati huohuo alikuwa amemchumbia Priska. Priska alifundisha chekechea ya kanisa, sauti ndogo, msimamo mkubwa. Baba yake ni Mzee Nikodemo, mzee wa kanisa, mtu wa Mpwapwa aliyelelewa misheni, suruali yake ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Simsemi vibaya kuliko anavyostahili. Mdogo wake alifia mikononi mwa mganga wakiwa watoto, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya korongo tu. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuogopa mambo ya zamani. Mtoto wa Mzee Ndahani, mzee wa ng'ombe asiyebatizwa, hakuwa chaguo lake. Lakini Sostenes alikuwa amebatizwa, aliimba besi kwenye kwaya, na mahari ilikuwa imekwishafika zizini. Tangazo la kwanza la ndoa likasomwa. Kwa wenzetu Wakristo ndivyo ilivyo: majina yanasomwa kanisani Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Yalibaki mawili.

Ni wiki hiyo Mholanzi alipoomba kikosi kipya. Alisema walikuwapo Waselti fulani waliokwenda vitani bila nguo. Kabisa. Mkuki, ngao, na upepo wa Mungu. Nguo walikuwa nazo, walizivua makusudi, adui aone kwamba hawaogopi kitu. Sostenes alinisomea imeili hiyo kwa sauti ya chini kama anaungama.

"Weka ngao mbele," nikamwambia.

"Ngozi lazima ichorwe yote, dada. Ngao inashikwa pembeni."

"Basi chora haraka, na hiyo skrini igeuzie ukutani."

Maana mlangoni kwangu palikuwa na tangazo la herufi nyekundu, MARUFUKU KUANGALIA PICHA CHAFU, na aliyeliandika ni yeye mwenyewe.

Uchi ulimtia aibu, lakini nywele ndizo zilizomkwamisha. Mholanzi aliandika kwamba watu hao waliosha nywele kwa laimu. Laimu, kwa Kiingereza tulichofundishwa sisi, ni ndimu. Nami nikamuunga mkono, kwa sababu hata mie naosha kichwa kwa ndimu, inaondoa mba. Basi akawachora nywele safi, laini, zinang'aa, zimelala mabegani. Mholanzi akajibu kwamba ni kazi nzuri ila askari wake wanaonekana wametoka saluni. Laimu aliyoisema yeye ni ile ya kupaka ukutani. Chokaa. Walijipaka chokaa nywele zikakakamaa, nyeupe, zimesimama wima.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sostenes hakucheka. Aliitazama skrini muda mrefu, halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, ingawa tulijuana miaka.

Baba yake alipokuwa kijana alisuka nywele ndefu akazipaka udongo mwekundu na mafuta, kama vijana wenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya kijana mwenye ng'ombe na mkuki. Halafu ikaja miaka ya kuambiwa kwamba hayo ni aibu, nchi imepata uhuru, watu wavae. Siku moja mnadani, mbele ya ng'ombe na wasichana, watu walimkalisha chini wakamkata nywele zote kwa mkasi. Wakamvalisha suruali ya kaki. Lubega lake, ile shuka aliyoifunga begani, wakalichoma moto. Alirudi kwao kwa miguu, na tangu siku hiyo hakuonekana bila kofia ya pama, mvua, jua, hata akila.

"Mimi ni mwanae wa kumzaa," Sostenes alisema, "na kichwa cha baba yangu sijawahi kukiona."

Nilimwambia pole.

Kesho yake mchana umeme ukakatika. Sostenes alitaka kuona chokaa inavyokauka kwenye nywele, inapasukia wapi, inakuwa nyeupe gani. Ndoo ya chokaa ilikuwepo, ilibaki nilipopakiwa kuta, na kichwa chake kilikuwa hakijanyolewa siku nyingi. Tukatoka ua wa nyuma. Akavua shati lisichafuke, akajipaka, akasema inawasha, akaendelea. Mimi nilimshikia kioo. Nywele zikasimama kweli. Halafu, kwa kuwa mtu mkimya naye ana utoto wake, akachukua mfuniko wa pipa la maji kuwa ngao na mti wa ufagio kuwa mkuki, akatanguliza mguu. Nilikuwa nacheka machozi yananitoka, na ndiyo maana sikusikia hodi.

Mzee Nikodemo alikuwa ameleta maandishi ya kadi za harusi nimpigie chapa. Alikuta duka tupu, akasikia watu nyuma, akafuata sauti. Tulipogeuka alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee," Sostenes alisema, mfuniko bado uko mkononi.

Mzee Nikodemo hakuitikia. Alikitazama kile kichwa cheupe, kifua wazi, mti wa ufagio, kisha mimi na kioo changu. Akageuka. Nikamkimbilia ndani nimweleze, nikamkuta ameinama kwenye meza ya printa. Hapo palikuwa na karatasi ambayo Sostenes aliipiga chapa asubuhi kuangalia rangi: ngozi ya askari wa uchi, imelazwa bapa, tumbo huku na mgongo kule, uso katikati na macho yamefunguka. Ukiitazama bila kujua, ni mtu aliyechunwa.

"Mzee, hiyo ni gemu," nilisema.

"Nimeona ni nini," akasema, akaondoka na kadi zake.

Kufika jioni maneno yalikuwa yameota miguu. Sokoni Majengo walisema Sostenes anachuna watu kwenye kompyuta. Wengine walisema hapana, anaabudu wazungu walio uchi, na anapakwa unga wa wafu kila Ijumaa. Mimi nilikuwa mganga wake kutoka Kondoa. Wateja wangu, watu waliosoma, wakaanza kuchungulia dirishani kabla ya kuingia. Niliwatukana wawili watatu na sijutii.

Jumapili ikafika. Mzee Nikodemo hakusimama kanisani kusema pingamizi, alikuwa mstaarabu mno kwa hilo. Alimwomba tu mchungaji asisome. Matangazo ya ndoa yakasomwa, jina baada ya jina, na la Sostenes na Priska likarukwa. Priska alikuwa amekaa safu ya mbele na watoto wa chekechea, shingo zote za kanisa zimemgeukia, naye hakuinamisha uso. Haya aliniambia mwenyewe Jumatatu, amesimama dukani kwangu na pochi ameikumbatia.

"Nionyesheni," alisema.

Sostenes akaigeuza skrini. Kikosi kilikuwa kimekamilika siku hiyo, watu wamepangwa mstari, weupe, wembamba, nywele zimesimama, ngao ndefu ubavuni. Sikutegemea kuona huruma, lakini walitia huruma. Unaona mbavu. Unaona goti moja limekwaruzwa. Yeye ndiye aliyelikwaruza.

"Wanakwenda wapi?" Priska aliuliza.

"Vitani."

"Wanajua kwamba watakufa?"

"Nafikiri wanajua."

Akawatazama. Halafu akasema, sauti ileile ndogo, "Sostenes, mimi nakutaka wewe. Usije ukafikiri vingine. Lakini baba yangu ni mmoja, na siwezi kuolewa nimempa kisogo. Zungumza naye." Akaifunga pochi ambayo haikuwa wazi, akatoka. Sostenes aliweka kichwa mezani juu ya mikono. Niliogopa kwa ajili yake, nikamwacha.

Ikakubaliwa kikao kifanyike dukani, kwa sababu kompyuta haibebeki. Nilifunga mlango mchana kweupe. Alikuwapo mchungaji, Mzee Nikodemo, Priska amesimama karibu na dirisha, na baba yake Sostenes, aliyeitwa kutoka kijijini kama inavyotakiwa kijana akiwa na shauri. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Mrefu kama mwanae, koti la mitumba, fimbo, na kofia ya pama imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alisalimia kwa Kigogo, mbukwa, na Mzee Nikodemo, Mgogo mwenzake, akamjibu kwa Kiswahili.

Sostenes akaeleza yote. Gemu, ngozi, laimu, chokaa. Alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea, na mchungaji, mtu mpole, alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mwisho Sostenes akatoa alichokiweka akiba.

"Baba Mchungaji, hawa Waselti wana ndugu zao waliohama wakafika mpaka Asia. Ndio Wagalatia. Wale aliowaandikia Mtume Paulo."

"Ni kweli," mchungaji alisema. "Chuoni tulifundishwa hivyo."

Hilo lilimgusa Mzee Nikodemo. Aliisogelea skrini, akavaa miwani, akaangalia na kuangalia.

"Wagalatia walikuwa uchi?"

"Hao wa vitani, mzee. Kabla ya kuhubiriwa."

Mzee Nikodemo akavua miwani akaifuta. Alipojibu hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza, maana ukali ungejibika.

"Basi Paulo amekwishafika," alisema. "Wavalishe."

Mimi nilicheka, peke yangu. Nilijuta palepale.

"Mzee, wakivaa hawatakuwa wao," Sostenes alisema.

"Wavalishe hapa, tuone kwa macho yetu, na Jumapili majina yenu yatasomwa. Nitasimama mwenyewe niwatetee, yeyote atakayewasema nitamjibu. Usipowavalisha, mimi sina binti wa kumwoza mtu anayeshinda na picha hizi. Sikuchukii, mwanangu. Nataka tu wajukuu wangu wasirudi nilikotoka."

Feni mbovu ilikuwa inazunguka na kukwaruza. Sostenes akamtazama mchungaji, akanitazama mimi, akamtazama Priska. Priska alikuwa anatazama nje. Baba yake mwenyewe, Mzee Ndahani, hakumtazama. Akavuta kiti, akashika kipanya.

Alizichora suruali hapohapo, mbele yetu, kwenye ile ngozi iliyolazwa, paja moja, paja la pili. Hakuuliza ziwe rangi gani na hakuna aliyemwambia. Mkono wenyewe ulichagua. Alipozivika sanamu, kikosi chote kikasimama na nywele za chokaa na suruali za kaki. Akabonyeza kuhifadhi, juu ya ile ya kwanza. Nakala nyingine haikuwapo.

"Sasa ni watu," Mzee Nikodemo alisema, na alimaanisha wema.

Ndipo Mzee Ndahani alipoinuka. Akaja polepole mpaka kwenye skrini, akainama, kofia karibu iguse kioo.

"Hawa ni watu wa wapi?" Aliuliza kwa Kiswahili, ili sote tusikie.

"Wa Ulaya, baba. Zamani sana."

"Walikwenda vitani na nywele hizo?"

"Ndiyo, baba."

"Na suruali?"

Sostenes akaachia kipanya. "Suruali nimewavalisha mimi. Leo."

Mzee akabaki ameinama. Sikumwona uso, niliona mkono tu ulivyokamata fimbo.

"Kumbe na huko walipita," alisema.

Akajifungulia mlango, akatoka juani. Sostenes alimfuata mpaka stendi, na mzee hakugeuka.

Siku iliyofuata kijana wa watu akanililia waziwazi kwenye kompyuta ya pembeni. "Nimemvalisha baba yangu, dada. Kwa mkono wangu. Mbele ya watu." Nilimwambia awachore tena, wa uchi, Mholanzi anasubiri. Akajaribu. Mkono ukagoma. Mwisho akatuma hao wa suruali, na Mholanzi akashangaa kidogo, akasema Waselti wengine walivaa suruali kweli ingawa rangi hii ni ngeni kwake, na kwa kuwa muda ulikuwa umewaishia, akawaingiza. Wamo humo mpaka leo. Kuna watu huko duniani wanawasogeza vitani na kuwarudisha, na hawajui kwamba ile kaki ni ya mnadani kwetu.

Majina yakasomwa Jumapili hiyo na iliyofuata. Mzee Nikodemo alisimama kama alivyoahidi. Kutoka kijijini likaja neno kwamba Mzee Ndahani hawezi kuja harusini, ng'ombe wanaumwa. Ng'ombe hawakuwa wanaumwa. Sostenes alikwenda kumbembeleza, akarudi na vumbi na kimya. Priska alikwenda pia, peke yake, wala hakumwambia mtu alichozungumza huko. Sostenes alipata mke aliyemtaka, na wiki zote hizo alitembea kama mtu aliyefiwa. Ukimwuliza suti imefika anasema ndiyo, ukimwuliza kiatu kinabana anasema ndiyo.

Siku ya harusi mimi nilisimama nje karibu na mlango wa kanisa, na upepo wetu wa Dodoma ulikuwa umeamua kutulisha vumbi sote. Sostenes alikuwa amekwishaingia, yuko mbele na msimamizi wake. Kwaya imeanza. Ndipo nikaona watu wa kwenye ngazi wanapisha.

Mzee Ndahani alikuwa amesimama mbele ya mlango. Sijui alipandaje basi namna ile. Shuka nyeusi imefungwa begani, miguu wazi, fimbo. Kofia haikuwapo. Nywele zake zilikuwa chache na fupi, mvi tupu chini yake, na juu ya mvi amepaka udongo mwekundu na mafuta mpaka kichwa kizima kinang'aa, na mafuta yameanza kuyeyuka kwa jua yanashuka nyuma ya sikio. Kijana wa zamu mlangoni alikuwa amemzuia kwa adabu. Mzee hakubishana. Alisimama tu.

Gari la bibi harusi likafika. Akashuka Mzee Nikodemo, ampeleke binti yake ndani. Akamwona mwenzake. Nilidhani ataita watu.

"Mzee mwenzangu," alisema kwa upole, "ungeoga kwanza."

"Nimeoga," Mzee Ndahani akasema. "Nimeoga ndipo nikapaka."

Priska alikuwa ameshuka, ameinua gauni lisiburuze vumbini. Akaja mpaka mbele ya mkwewe akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kama ulivyosema."

Ndipo nikaelewa alichokwenda kusema kijijini. Mzee Nikodemo akasema, "Priska, ngoja," lakini Priska alikuwa amekwishauchukua mkono wa mzee, mkono uliopaka kichwa na bado una udongo mwekundu, akauweka kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya kitambaa cheupe cha gauni. Halafu akamgeukia baba yake, akamtolea mkono wa pili, akasubiri. Hakuwa na hasira. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi.

Mzee Nikodemo akaitazama suruali yake, sijui kwa nini. Halafu akaushika ule mkono, wakaingia wote watatu, yeye akitazama mbele tu njia nzima, na kwaya ikapunguza sauti wimbo ukiwa katikati. Nami nikaingia nyuma yao na baibui langu, liwalo na liwe.

Sostenes akageuka kumpokea bibi harusi. Hakumtazama bibi harusi. Alikitazama kile kichwa, tangu mlangoni mpaka mbele, mdomo umeachama kama mtoto, na mchungaji ilibidi amwite jina mara mbili.

Gauni lilikuwa la kukodi. Alama ya vidole kwenye mkono wa gauni haikutoka, na mwenye duka alikasirika sana. Nililifua mwenyewe kwa sabuni, halafu kwa ndimu.